Filamu Iliyopita Kwenye Eksirei ya Kiwanja cha Ndege: Namna ya Kujua Kama Imeharibika

Filamu ninazotumia hapa Tanga huletwa na ndugu wanaorudi kutoka Maskati, Dubai au Uingereza, zikiwa zimefungwa katikati ya nguo na chupa za manukato. Safari moja mjomba wangu aliniletea filamu kumi za nyeusi na nyeupe, zote za ISO 400 (namba ya wepesi wa filamu kupokea mwanga: ikiwa kubwa, filamu ni nyepesi zaidi), na kwa nia njema kabisa alikuwa amezitia katika sanduku kubwa linalokabidhiwa kaunta na kuingia tumboni mwa ndege. Ya kwanza niliipigia magofu ya Tongoni. Nilipoisafisha na kuinyanyua mbele ya dirisha, niliona wimbi hafifu la kijivu likipanda na kushuka kutoka fremu hadi fremu. Lilionekana wazi kwenye ukingo wenye matundu, likaonekana ndani ya mihirabu yenye giza ya ule msikiti wa kale, kisha likapotea kabisa kwenye anga la mchana.

Tangu hapo watu wamekuwa wakiniletea negativu zao wakitaka niwathibitishie kwamba eksirei ndiyo iliyowaharibia kazi, na mara nyingi nimelazimika kuwaambia kwamba haikuhusika. Joto la chumba, dawa iliyokwisha nguvu na kamera inayovujisha mwanga huacha madoa yanayofanana sana na ya eksirei, hasa kwa mtu anayeangalia picha peke yake. Anayetaka kujua ukweli hana budi kuiweka picha kando kwanza na kuangalia sehemu ya filamu ambayo haikupigwa picha.

Sababu yake ni hii. Utando wa filamu ni jelatini yenye chembe ndogo sana za chumvi ya fedha. Mwanga ukizigusa chembe hizo huacha ndani yake alama isiyoonekana kwa macho, na dawa ya kusafishia ndiyo inayoigeuza alama hiyo kuwa weusi. Eksirei hufanya kazi ileile ya mwanga, isipokuwa haizuiwi na kopo la filamu wala ngozi ya begi, wala haina lenzi ya kuielekeza. Kwa hiyo hutia weusi kidogo kila inapopita, pamoja na mahali palipopaswa kubaki peupe. Wilhelm Röntgen, aliyeigundua miale hiyo mwaka 1895, aliinasa taswira ya mkono wa mke wake kwenye bamba la picha mwaka huohuo, na hospitali zimetumia filamu kwa kazi hiyo kwa miongo mingi. Weusi huo usiotakiwa ndio wapiga picha tunaouita ukungu. Ukungu mdogo haudhuru mahali ambapo filamu imepokea mwanga mwingi, kwa kuwa ni sawa na kumwaga kikombe cha maji baharini. Hudhuru mahali pa kivuli, ambapo filamu ilipokea mwanga kidogo mno. Ndiyo maana wimbi langu lilionekana ndani ya mihirabu na halikuonekana angani.

Kabla ya kugusa filamu yoyote, mhoji aliyeibeba na uandike majibu yake. Unahitaji kujua filamu ilikuwa katika mzigo wa mkononi au katika sanduku la kukabidhi, ilipita viwanja vingapi, na ilipita mashine mara ngapi katika kila kiwanja. Swali la mwisho ndilo watu husahau, kwani viwanja vingi vya kwetu hukagua mizigo mlangoni mwa jengo, kisha hukagua tena kabla ya abiria kufika chumba cha kusubiri, na kila mara huhesabiwa. Madhara ya eksirei hujumlika: filamu haipumziki na kupona baina ya kiwanja na kiwanja.

Mashine nazo hazilingani. Zile za kawaida zinazokagua mizigo ya mkononi hutoa mionzi kidogo, na filamu ya ISO 400 au chini yake ikipita mara moja au mbili kwa kawaida haiachi alama unayoweza kuiona. Filamu ya ISO 800 na kuendelea ina chembe nyepesi zaidi kuguswa, na heri isipitishwe kabisa. Mashine za masanduku makubwa ni kali zaidi, na vivyo hivyo mashine mpya za sitiskani ambazo sasa zinawekwa hata kwa mizigo ya mkononi, zile zinazompa mkaguzi taswira ya begi anayoweza kuizungusha kwenye kioo chake. Kodak na Ilford, ambao ndio watengenezaji, wanashauri filamu isiyosafishwa isipitishwe humo hata mara moja. Filamu iliyokwisha kusafishwa haina cha kuogopa, kwa sababu chumvi ya fedha iliyokuwa ikingoja mwanga imekwisha kuondolewa na dawa. Negativu za harusi ya bibi unaweza kuzipitisha popote. Kadi za kamera za dijitali nazo ni salama.

Sasa tuje kwenye ukaguzi wenyewe, tukianza na filamu iliyokwisha kusafishwa, kwa kuwa hiyo ndiyo watu wengi huwa nayo mkononi. Dai negativu zako kutoka kwa aliyekusafishia. Picha zilizoskaniwa na kutumwa kwa simu hazitoshi, kwa sababu skana hurekebisha weusi na weupe zenyewe na huweza kuuficha ukungu uliopo, au kuifanya picha iliyokosa mwanga ionekane kama yenye ukungu. Weka kioo cha simu kwenye mwanga wa juu kabisa kikionyesha ukurasa mweupe, kitandikie karatasi nyeupe nyembamba ili nukta za kioo zisikusumbue, kisha laza negativu juu yake katika chumba kisicho na taa nyingine.

Angalia mapengo yaliyo kati ya fremu na fremu, kisha ukingo wenye matundu. Sehemu hizo hazikupata mwanga wa lenzi, kwa hiyo katika filamu ya nyeusi na nyeupe iliyo nzima huwa karibu kuwa safi, zenye ukijivu mdogo tu wa plastiki yenyewe. Katika filamu ya rangi huwa za rangi ya chungwa iliyo sawa kote. Tazama pia namba za fremu na jina la filamu zilizo ukingoni: hizo zilichapwa kiwandani kwa mwanga, na husafishwa pamoja na picha zako, hivyo hukueleza jinsi dawa ilivyofanya kazi. Namba zikiwa hafifu na ukingo ukiwa safi, dawa ilikuwa dhaifu au muda ulikuwa mfupi. Namba zikiwa nzito na ukingo ukiwa safi huku picha zikiwa hafifu, kosa ni la aliyepiga kwa mwanga mdogo, na eksirei haina hatia. Namba zikiwa nzito na ukingo nao ukiwa wa kijivu, hapo ndipo ukungu unapothibitika, na swali linalobaki ni umetoka wapi.

Kwa filamu ya slaidi, ile inayotoa picha yenyewe badala ya negativu, mambo hugeuka. Huko ukungu hupunguza weusi badala ya kuuongeza: ukingo uliopaswa kuwa mweusi tititi huonekana umefifia, pengine ukiwa na rangi fulani ndani yake.

Usikimbilie kulaumu mashine kabla hujaiondolea shaka dawa ya kugandishia, ile inayoondoa chumvi ya fedha iliyobaki baada ya kusafisha. Filamu ambayo haikugandishwa vya kutosha hubaki na umaziwa unaofanana na ukungu, na kosa hili ni la kawaida kwetu tunaotumia dawa hadi tone la mwisho. Kata kipande cha ukingo kisicho na picha, kitie kwenye dawa mpya ya kugandishia kwa dakika 5, kisha kioshe na kukilinganisha na kilichobaki. Kikisafika, irudishe filamu nzima kwenye dawa hiyo na shukuru Mungu, kwa maana hujapoteza kitu. Kikibaki vilevile, endelea.

Hatua inayofuata inahusu umbo la ukungu, na hapa inafaa kuwa na rula. Katika filamu ya milimita 35, mwanzo wa fremu moja hadi mwanzo wa fremu ya pili ni milimita 38, sawa na matundu 8. Doa linalorudi kila milimita 38, mahali palepale pa kila fremu, limetoka ndani ya kamera. Mwanga uliovuja kupitia mlango wa kamera hupenya kwenye matundu, huwa mkali ukingoni na kufifia kuelekea katikati, na katika picha ya rangi aghalabu huwa mwekundu au wa chungwa. Mwanga uliovuja kwenye kopo la filamu hupiga zaidi mizunguko ya nje na kudhoofika ndani, kwa sababu mzunguko mmoja huukinga mwingine. Eksirei haikingwi hivyo. Hupita mizunguko yote kwa pamoja, na mwale mwembamba ukikata filamu iliyoviringishwa huacha mstari unaojirudia kila mzunguko. Ukiikunjua filamu, mstari huo huwa wimbi au mkanda unaorudi tena na tena. Kwa kuwa mizunguko ya nje ni mipana kuliko ya ndani, umbali kati ya wimbi na wimbi hauko sawa: hupungua kidogo kidogo kadiri unavyotoka mwanzo wa filamu kwenda mwisho wake. Kwenye filamu yangu ya Tongoni nilipima kilele hadi kilele nikapata sentimita 6 na ushei mwanzoni, na chini ya sentimita 5 mwishoni. Hakuna kamera inayoweza kutengeneza kitu kama hicho, na hapo sikuhitaji ushahidi mwingine.

Laiti kila eksirei ingeacha wimbi. Mara nyingi huacha ukungu ulioenea sawasawa, usio na mstari wala umbo, na huo ndio mgumu kwa sababu joto na uzee wa filamu huacha ukungu wa namna hiyohiyo. Hapa pwani jambo hili lina uzito wake. Filamu iliyolala miezi kadhaa juu ya kabati, chini ya bati, mwezi wa Februari, huzeeka upesi kuliko tarehe iliyoandikwa kwenye boksi lake, na ukimwonyesha mtu negativu mbili, moja ya joto na moja ya eksirei, hawezi kuzitenganisha kwa macho, nami siwezi. Kinachotenganisha ni kulinganisha na filamu ndugu: ya aina ileile, yenye namba ileile ya toleo na tarehe ileile ya mwisho kwenye boksi, iliyohifadhiwa vilevile, lakini ambayo haikusafiri safari hiyo.

Kwa hiyo ukitaka kusafiri na filamu tano, nunua sita na uache moja kwenye jokofu nyumbani. Kama filamu zimeletwa na mtu mwingine na hukuwa na nafasi ya kuacha ndugu nyuma, kinachokusaidia ni kumbukumbu yako mwenyewe. Kila ninaposafisha filamu hukata sentimita 4 za mwisho zisizo na picha, nikaandika kwa kalamu ya wino usiofutika aina ya filamu, dawa, muda na tarehe, na kuzitia katika bahasha ya karatasi. Bahasha hiyo imenisaidia kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Jaribio lenyewe hufanywa hivi. Chagua moja ya filamu zilizosafiri, ikubali kuwa sadaka, na uitie kwenye kamera. Piga fremu chache za kawaida, kisha ufunike lenzi kwa kifuniko chake, ongeza kitambaa cheusi, na upige fremu tatu za giza tupu. Baada ya hapo piga ukuta mmoja uliopakwa chokaa, wenye kivuli, mara tano: mara ya kwanza kwa kipimo sahihi, kisha ukipunguza mwanga stopu moja moja, yaani kwa nusu kila mara, hadi stopu nne chini. Fanya vivyo hivyo kwa filamu ndugu, kwa kamera ileile, ukuta uleule na saa ileile. Chumbani gizani, kata vipande hivyo na uvitie pamoja katika tangi moja la kusafishia. Jambo hili la tangi moja usilipuuze, kwani filamu mbili zilizosafishwa siku mbili tofauti haziwezi kutoa ushahidi dhidi ya jirani yake.

Joto la dawa lahitaji uangalifu. Maji ya bomba hapa Tanga hayakaribii nyuzi 20, na dawa yenye joto husafisha kupita kiasi na kuleta ukungu wake yenyewe. Mimi huweka chupa za dawa ndani ya beseni la maji, nikatia barafu ya mfuko ndani ya beseni, kamwe si ndani ya dawa, na kungoja hadi kipimajoto kisome 20. Filamu ya Ilford HP5 Plus katika dawa ya ID-11 isiyochanganywa na maji hutaka dakika 7 na nusu kwa joto hilo. Aina nyingine fuata maelezo yake. Filamu ya rangi husafishwa kwa nyuzi 37.8, na dawa ya kwanza hukaa dakika 3 na sekunde 15, hivyo huko utapasha moto badala ya kupoza. Ukimpelekea fundi wa studio, mwombe tu azisafishe zote mbili kwa mkupuo mmoja na asikate negativu.

Zikikauka, zilaze sambamba juu ya kioo cha simu. Anza na zile fremu tatu za giza. Ikiwa eneo la fremu ya giza ni jeusi kuliko ukingo wake kwenye filamu zote mbili, kamera yako inavuja na jaribio inabidi lirudiwe kwa kamera nyingine. Ikiwa fremu ya giza na ukingo zinalingana ndani ya kila filamu, lakini filamu iliyosafiri ni ya kijivu zaidi kuliko ndugu yake, safari ndiyo iliyoleta ukungu. Nasema safari, kwa kuwa begi lililosahaulika juani ndani ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Tanga lina uwezo wa kuongeza lake. Ndiyo sababu ya yale maswali ya mwanzo kwa aliyezibeba.

Anayetaka kupima badala ya kukisia anaweza kutumia kamera ya dijitali kama densitomita, yaani kipimo cha weusi wa filamu. Iweke juu ya kitu kisichotikisika, zima kila kinachojirekebisha chenyewe, na upige picha ya sehemu tupu ya filamu ndugu juu ya mwanga uleule, ukiandika muda wa shata, yaani muda ambao kamera hufungua kupokea mwanga. Badili sasa uweke sehemu tupu ya filamu iliyosafiri na uongeze muda hatua kwa hatua hadi weupe wake ulingane na wa kwanza. Kama ya kwanza ilitaka 1/60 ya sekunde na ya pili imetaka 1/30, tofauti ni stopu moja, ambayo kwa kipimo cha densiti, yaani cha weusi, ni 0.30. Theluthi moja ya stopu ni 0.10. Tofauti iliyo chini ya theluthi hiyo mimi siihukumu, maana hata alama ya kidole au kutotikisa tangi sawasawa huweza kuileta. Ikifika nusu stopu, sina tena shaka kwamba kuna kilichotokea.

Zile picha za ukuta ndizo zinazokuambia hasara ni kubwa kiasi gani kwa kazi yako. Tafuta kwenye kila filamu ni kipimo kipi cha chini bado kinaonyesha chembechembe za chokaa ndani ya kivuli. Kama filamu ndugu inazionyesha hadi stopu tatu chini na iliyosafiri inazipoteza baada ya stopu mbili, basi filamu hizo zimepoteza stopu moja ya kivuli, na ukiipiga ISO 400 kana kwamba ni ISO 200 utairudisha sehemu kubwa ya ulichopoteza, kwa sababu vivuli vitapata mwanga wa kutosha kuuzidi ukungu. Weusi ulioingia hautoki. Zipo dawa za kupunguza ukungu wakati wa kusafisha, kama benzotriazoli, lakini nazo hupunguza kasi ya filamu, yaani wepesi wake wa kupokea mwanga, na kwa filamu zenye picha muhimu nisingependa mtu ajaribu dawa kwa mara ya kwanza juu yake.

Kama filamu zenye picha muhimu bado hazijasafishwa, zisafishe upesi baada ya jaribio wala usizibebe tena safarini. Zile ambazo bado hazijapigwa, andika kwenye kila kopo idadi ya mashine ilizopita. Filamu tisa zilizobaki za mjomba niliziandika hivyo, nikazipiga zote kwa ISO 200, kwenye jua la saa nne asubuhi, kando ya ngalawa zilizopandishwa mchangani Raskazone. Wimbi lilikuwepo katika kila moja ya hizo tisa, ukingoni, likionekana vizuri mbele ya dirisha. Ndani ya picha nililiona mara mbili tu, chini ya tanga lililokunjwa na kwenye tundu la mlingoti.